Uzi Aliokata Njeri

Mwiki, Ruiru
Jumapili, baada ya kanisa

Senge wangu mpendwa,

Mulembe kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na magoti yako yametulia, si kama wakati ule wa mvua ulipokuwa unashika ukuta ukienda zizini. Mama anaendeleaje? Ule mkono wake umeanza kushika hata kijiko, ama bado ni wewe unamlisha? Na Faith wangu, bado anakimbia akiona kitana? Mchane tu hata akilia. Ubishi huo ni wa upande wa babake, si wetu.

Mimi niko. Sitaandika kwamba niko salama, kwa sababu hujawahi kukubali uongo wangu tangu nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi.

Najua utashangaa kupata barua na simu iko. Senge, simu yenu ina tabia mbaya. Mama anaiweka sauti kubwa, na akishaiweka boma zima linakuja kusikiliza, mpaka yule jirani wa maziwa anatua mtungi wake na kuketi. Haya yangu si ya muuza maziwa. Mwalimu wa kwaya wa kanisa letu anakuja huko Malava kwa matanga, nimemwambia akutafute akupe mkononi, hata kama ni shambani. Isome ukiwa peke yako jikoni.

Ni wewe uliyenifundisha, nilipokuwa msichana mkubwa, kwamba mambo ya kiunoni kwenda chini hayapelekwi kwa mama, yanapelekwa kwa senge, dada ya baba. Nilikaa nyuma ya jiko lako nikilia kwa aibu, nawe ukacheka mpaka ukakohoa moshi. Leo nakuletea mengine ya huko huko chini. Haya hutacheka.

Ule ugonjwa niliowaambia ni vidonda vya tumbo, si vidonda vya tumbo. Unaitwa Crohn, daktari anausoma Kroni. Alinieleza kwamba mwili unageuka na kupigana na matumbo yake wenyewe, na hakuna anayejua vizuri kwa nini. Kwa wengine unakaa juu. Kwangu umeshuka ukaenda kukaa pale haja kubwa inapotokea. Ulianza na jipu. Nikafikiri ni jipu tu, nikakandia maji ya chumvi, likapasuka. Likarudi. Likapasuka tena mahali pengine, na safari hii halikufunga, likawa tundu linalotoa usaha. Halafu Senge, samahani kukuandikia hivi, siku moja nikaona choo kinapita kwenye hilo tundu. Daktari anaita fistula. Mimi naona mwili umejichimbia njia ya panya.

Hilo neno fistula limenichosha. Huku watu wanaijua moja tu, ile ya akina mama waliokwama wakizaa. Nilipolitaja kwa kina mama wa kanisa, walifurahi, maana walikuwa wamesikia kuna madaktari wanakuja Thika kuitengeneza bure. Walinisindikiza wakiimba. Nilipanga laini na akina mama wanaovuja mkojo, maskini, tukahurumiana. Nesi aliponipima aliniambia kwa upole, "Mama, yako si hii. Yako ni ya ugonjwa, hata tukishona itafumuka." Nikarudi Mwiki. Kumbe nyuma yangu walikuwa wamepika chai na mandazi ya kumshukuru Mungu. Tuliinywa tu hiyo chai.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemeza dawa za TB miezi mingi, kwa sababu TB ya matumbo na huu ugonjwa zinafanana, na huku wanaanza kwa kushuku TB. Mkojo uligeuka rangi ya fanta. Virusi nimepimwa mpaka wale wa maabara wakaanza kuniita kwa jina. Kisha nikapewa vidonge vya kutuliza uvimbe, vikanijaza uso, na watu wa ploti tunayopanga wakasema Ruiru imenikubali. Ndipo mwishowe nikafika kwa daktari wa upasuaji huko Thika, mzee mpole mwenye sauti ndogo, na yeye ndiye wa kwanza kuniambia jina la ugonjwa.

Sasa nikueleze juu ya uzi, maana ndio umeniandikisha barua hii.

Daktari alinilaza, nikapewa dawa ya usingizi, akapasua pale usaha ulipojificha, akasafisha. Halafu akaingiza uzi. Unaingia kwa lile tundu la nje, unapita ndani ya ile njia ya panya, unatokea kwa tundu la haja, kisha unafungwa fundo unakuwa pete. Sio wa kushona. Kazi yake ni kuzuia tundu lisifunge mdomo na uchafu uko ndani. Usaha unaufuata unatoka polepole. Unakaa miezi, hata mwaka ukipita hautolewi, mpaka dawa ikaushe ndani kwanza. Nao ulikuwa wa bluu, mnene kidogo kuliko ule tunaoshonea jinzi.

Dawa yenyewe ni ya dripu, unakaa kitini asubuhi nzima inakushuka kwenye mshipa. Niliipata kwa mpango wa hospitali, na Senge, ilinipenda. Baada ya kupigwa ile ya tatu, nililala bila kuamka kubadilisha pamba. Nilivaa sketi yangu ya krimu nikaenda nayo kanisani, na nikaketi kwenye benchi kama watu wengine mpaka mwisho wa mahubiri. Sikumbuki mhubiri alisema nini. Nilikuwa nafurahia benchi.

Njeri unamjua kwa sauti tu. Ni yule ninayekaa naye chumba, anayemwambia Mama "murembe" kwenye simu badala ya mulembe, na Mama anacheka ile cheko yake ya upande mmoja. Tangu Mama apooze, sijasikia mtu mwingine akimchekesha. Lakini hujui vile tulikutana. Kiwandani mimi nilikuwa fundi wa cherehani, kazi ya kukaa kutwa. Jipu lilipoanza nikashindwa kukaa, msimamizi akanihamishia kwa wale wa mwisho wanaokata nyuzi, kwa sababu wao wanasimama. Pale suruali zinakuja zimeisha, kila mmoja na kamkasi kake kamefungwa kwa kamba mkononi, na kazi ni kukata nyuzi zote zinazoning'inia. Uzi mmoja ukionekana kwa wakaguzi, furushi lote linarudishwa na mnakatwa marupurupu wote. Njeri ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akiniambia, "Uzi ukiuona, kata. Usianze kufikiria. Ukifikiria umechelewa." Mikono yake inakata hata akiwa anaongea, hata akiangalia dirishani. Nimewahi kumwona kanisani akishika kola ya mama aliye mbele yake, na uzi umeshatoka kabla yule mama hajageuka.

Tangu babake Faith aende zake, hakuna mtu ameniona uchi ila madaktari na Njeri. Asubuhi kabla ya kazi alikuwa anachemsha maji, anatia chumvi kwenye beseni, ananishikilia nikichutama, kisha ananikausha na kuniwekea pamba. Hakufunga pua hata siku moja. Nilipomwambia pole, alikuwa akisema, "Wee nyamaza, kwani wewe ni wa kwanza kuwa na matako?"

Nilipotoka hospitali na ule uzi nilimwambia tu wamenipasua, wamenisafisha. Alikuwa akipanguza juu juu, na uzi umejificha kwenye pamba na uvimbe. Dawa ilipoanza kufanya kazi, uvimbe ukashuka, ukaonekana. Asubuhi moja nililala kifudifudi, nimeshiba usingizi, nasikia ananipanguza huku akinung'unika juu ya bosi. Nikasikia kitu kidogo, kama kuchapwa na mbu. Kisha akanijia mbele na tishu mkononi, anatabasamu.

"Ona hii takataka walisahau ndani yako," akasema. "Ngai, hawa madaktari ni wazembe sana! Mimi nyuzi zangu za kuzaa nilitolewa baada ya wiki moja. Hii imekaa mpaka imekuwa chafu. Nimekutolea."

Uzi wa bluu, na fundo lake.

Alikuwa amefurahi. Alikuwa amechelewa kazini kwa ajili yangu na bado anafurahi. Nikasema asante.

Mwanzoni nikajidanganya kwamba dawa imeshamaliza kazi. Tundu likafunga vizuri sana, hata mimi nikaligusa nikasema labda Njeri ameniponya. Kumbe limefunga mdomo tu. Usaha ukakosa pa kutokea, ukaanza kutafuta. Nikashikwa na homa, nikatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta na jirani akauliza kama tunahamisha vyombo. Nilipofikishwa Thika jipu lilikuwa limejaa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na njia za panya zimekuwa mbili.

Daktari akauliza uzi uko wapi. Njeri alikuwa nje ananinunulia maji. Nikasema ulikatika.

"Ulikatika wenyewe?"

"Ndio, daktari."

Akanitazama, akaandika. Nilisema hivyo kwa sababu nilijua mikono ya Njeri. Angejua, ingeogopa, na mimi sina mikono mingine.

Mambo yakafuatana. Huwezi kupigwa ile dawa ukiwa na usaha ndani, kwa sababu inalegeza askari wa mwili, na usaha unaweza kukumaliza. Kwa hivyo ikasimamishwa. Nikapasuliwa tena, nikawekewa nyuzi mbili. Miezi ikaenda. Tulipoirudia ile dawa, dripu haikuwa imefika nusu nikaanza kujikuna, koo likafunga, kifua kikabana, nikaona manesi wakikimbia na mimi nikijisemea kumbe kufa ni hivi. Mwili ulikuwa umeisahau ile dawa, na iliporudi ukaiona adui. Sitapigwa hiyo tena. Iko nyingine ya aina yake lakini kwa sasa haipatikani kwa watu wa hali yangu, na daktari hakunificha.

Kazi nayo ikaisha, kwa kukosa siku nyingi. Nilijaribu kufua nguo kwa watu huko Membley. Yule mama alikuwa mtu mzuri tu, lakini siku moja aliponiita ndani ninywe chai nilikuta ametandika gazeti kwenye kiti. Nilikunywa chai nikiwa nimesimama na sikurudi. Siku hizi nakula kidogo sana, si kwa kukosa, ni kwa kuogopa choo. Choo cha ploti ni kimoja, laini ni ndefu, na mimi nikiingia hawasikii ninavyouma kanga humo ndani, wanasikia tu nimekawia. Mchungaji alikuja akaniombea akaniambia nifunge. Nikamwambia nimefunga kitambo.

Jumatano tulienda Thika, mimi na Njeri. Daktari alisema hakuna njia nyingine sasa. Atanipasua tumbo, autoe utumbo nje hapa upande wa kushoto chini ya kitovu, na choo kiwe kinatokea hapo kwenye mfuko, ili huko chini kupumzike. Alisema ni ya muda. Nikamuuliza, wangapi unaowarudishia? Akatazama kalamu yake.

"Wachache," akasema. "Wenye hali kama yako, wachache sana. Na tusipoona mabadiliko, itabidi tutoe sehemu yote ya chini na kuifunga."

Yaani kushonwa kabisa, Senge, na mfuko uwe wangu mpaka siku mtakayonizika. Nilikubali. Sikukubali kwa imani, nilikubali kwa kuchoka. Nitalazwa Jumanne.

Hospitali inataka mgonjwa aje na mtu wake mmoja wa kufundishwa mfuko pamoja naye, kuukata, kuubandika, kuangalia ngozi. Njeri akasema ni yeye. Daktari akamsifu sana. Akamwambia, "Wewe ndiye umekuwa ukimfunga vidonda? Umefanya vizuri, mahali ni pasafi. Basi hizi nyuzi mbili uziangalie kama macho yako, zisitoke kama ule wa kwanza. Ule ungekaa, dawa isingesimamishwa. Pengine leo hatungekuwa tunaongea mambo ya mfuko."

Hakumaanisha ubaya. Hakuwa anajua anaongea na nani.

Sikumtazama Njeri. Nilitazama viatu vyake, na havikusonga. Baadaye nesi akatuonyesha mfuko, akampa Njeri mkasi akate lile tundu la kubandikia kwa mfano. Njeri, Senge, ambaye anakata akiangalia dirishani, alishindwa kukata duara. Nesi akacheka, akamwambia atazoea.

Tulifika nyumbani. Alipika chapati, akaniwekea, yeye hakula. Kisha akauliza, "Kwa nini haukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningejua."

"Na ungejua, ungenishika tena?"

Akasema, "Mimi ndio nimekufanya hivi, Nekesa. Mimi na hii mikono yangu."

Nilimwambia ni ugonjwa. Nilimwambia daktari amesema pengine, hajasema hakika. Nilimwambia hata uzi ungekaa, wengi dawa inawakataa tu. Yote ni kweli, na yote hayakumwingia. Alikuwa ameshika vidole vyake kama mtu aliyeungua.

Alhamisi asubuhi alichemsha maji kama kawaida. Akatia chumvi. Akachukua pamba, akanikaribia, nikasikia mkono wake mgongoni mwangu. Akauondoa. Akajaribu tena. Akasema, "Siwezi. Woi, aki siwezi. Nikikushika nitaharibu tena." Nikamwambia hizo ni nyuzi tu, nifunge tunachelewa. Nilijaribu hata kumtania kwa maneno yake mwenyewe, kwani mimi ni wa kwanza kuwa na matako. Akalia. Alilia vibaya, Senge, mpaka nikainuka kwenye beseni langu nikambembeleza yeye, mimi nikiwa uchi.

Jana amehamia kwa dada yake huko Mwihoko. Hakuondoka kwa hasira. Alipanga pamba zote mahali nitafikia, akajaza mitungi maji, akaacha unga na sukuma wiki zimeoshwa. Kodi ya mwezi huu alikuwa ameshalipa upande wake. Mlangoni akasema nimsamehe. Nikasema nilimsamehe siku ile ile alipoukata, na nikaona hilo ndilo limemuumiza kuliko yote. Kiwandani pia ameomba atolewe kwa wakata nyuzi, apelekwe kwa kupanga maboksi.

Nimempigia, anapokea, anasema, "Umekula?" Nikisema ndio, anakata.

Leo asubuhi nimejifunga mwenyewe. Nimeweka kioo sakafuni, nikachutama juu yake, nikaona kwa mara ya kwanza kile Njeri amekuwa akikiona muda huu wote. Senge, sikujua ni pabaya hivyo. Kama ningekuwa nimepaona mapema, sijui kama ningethubutu kumwachia mtu mwingine apaone. Nyuzi zote mbili zipo.

Sikuiti uje. Usifungashe. Mama hawezi kuachwa hata nusu siku, na Faith ana shule, na basi la kutoka huko litayamaliza magoti yako. Jumanne nitaenda peke yangu, na wakiuliza mtu wangu yuko wapi, nitasema yuko njiani. Nesi atanifundisha mimi. Nitajikatia duara langu, angalau ufundi wa kukata ninao. Sina matumaini makubwa na hii kazi yao, nikuambie ukweli. Nimetumaini vidonge, nikatumaini kina mama wa kanisa, nikatumaini dripu ile, na sasa nimebaki kwenda tu kwa sababu kukaa hapa ni kubaya zaidi. Nimekuandikia ili mtu mmoja wa kwetu ajue, nikikawia kupiga simu.

Nisalimie kukhu, nyanya yangu, mwambie bado nafunga lesso yake kiunoni nikihisi baridi. Nisalimie Amos ndugu yangu, asiache shule kwa ajili ya bodaboda, nitajua tu. Msalimie mwalimu wa Faith. Faith mwenyewe usimwambie mfuko. Mwambie mama yake amehamishwa kitengo kazini na kitengo kipya hakina likizo. Hata jirani wa maziwa, haya, msalimie.

Mama umwambie nakula vizuri. Na akikuuliza, kama anavyouliza kila mara kwa ule mdomo wake wa upande, yule msichana wa Kikuyu yuko, mwambie yuko. Mwambie amekaa hapa kando yangu naandika, na anamsalimu. Umsalimie kwa lile neno, vile vile Njeri hulisema, acheke.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Nekesa